Njoro, Kitale au Maseno? Jibu kwa mama anayetaka kuhama Nairobi na watoto watatu

SWALI: Mimi na mume wangu tumeishi Nairobi tangu tuoane. Wa kwanza wetu yuko Gredi ya 8, wa pili Gredi ya 2, na kitinda mimba ana mwaka mmoja na nusu. Mimi hufanya uhasibu kwa intaneti. Mume wangu ni fundi wa mitambo kiwandani hapa Nairobi na hawezi kuacha kazi, kwa hiyo atakuwa akija nyumbani wikendi mbili kwa mwezi. Tumechoshwa na kodi, msongamano na watoto kufungiwa ndani mchana kutwa. Tunafikiria Njoro, Kitale au Maseno, ambako ni karibu na kwa mama mkwe, Luanda ya kaunti ya Vihiga. Tuchague upi? Na tununue ploti sasa au tupange kwanza?

JIBU: Dada, nakupa jibu kwanza, sababu zifuate. Pangeni nyumba Njoro, kwa sharti moja la maji ambalo nitalieleza kwa kirefu. Maseno muirudie kitinda mimba akishapita miaka mitano. Kitale naipenda kuliko miji yote mitatu uliyoitaja, lakini kwa mtoto mwenye baba Nairobi iko mbali mno. Ploti, msinunue popote kabla hamjakaa mahali mwaka mzima, kiangazi na masika.

Mimi ni mpangaji wa miji, na familia nyingi zimenijia na swali kama lako. Karibu zote huanza kwa kuuliza mji upi ni mzuri. Mimi huwauliza maswali mawili: ni nani mdogo zaidi nyumbani, na ni nani anayesafiri zaidi? Kwenu ni kitinda mimba na baba yake. Mji ukiwafaa hao wawili, wengine mtazoea. Usipowafaa, hewa safi na kodi nafuu havitawaweka hapo miaka miwili.

Tuanze na mdogo, na maji ya Njoro.

Kaunti ya Nakuru, ambamo Njoro imo, iko katika Bonde la Ufa, na miamba ya volkano iliyo chini yake huachia madini ya floraidi ndani ya maji. Maji ya visima vingi virefu, kuanzia Naivasha na Gilgil hadi Nakuru mjini na Njoro, yana floraidi kupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Maji hayo ni meupe, hayanuki, na ladha yake haina kasoro. Madhara yake utayaona kwenye meno ya watoto: kwanza mabaka meupe kama chaki, halafu mistari ya kahawia, na kwa walioathirika sana jino hutoboka vishimo. Rangi hiyo haitoki kwa mswaki.

Meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi tangu mtoto akiwa mchanga hadi afikishe takriban miaka 8. Anayoyanywa kitinda mimba wako mwakani ndiyo yatakayoonekana akianza kung'oa meno ya utoto akiwa na miaka sita au saba, na hapo hakuna cha kurudisha nyuma. Huyo wa Gredi ya 2 bado ana meno machache yanayojengeka. Wa kwanza wenu, kwa upande wa meno, ameshavuka, ingawa floraidi nyingi kwa miaka mingi huumiza mifupa ya mtu wa umri wowote.

Kuchemsha hakusaidii. Maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki pale pale, sasa ikiwa imekolea zaidi. Klorini haiiondoi, wala chujio la kawaida la kauri. Chujio la makaa ya mifupa ya ng'ombe iliyochomwa huiondoa, na limetumika Nakuru kwa miaka mingi, lakini makaa hayo huchoka na lazima yabadilishwe kwa wakati. Njia rahisi kuliko zote ni maji ya mvua, ambayo karibu hayana floraidi kabisa. Tengeni maji ya mvua kwa kunywa na kupika pekee, uji na ugali zikiwemo, na haya ya kisima yawe ya kufua, kuoga na kudeki. Watu watano mkitumia lita 25 kwa siku, tangi la lita 3,000 litawavusha siku 120, ambazo zinatosha kukivuka kiangazi cha Desemba hadi Machi kama lilijaa mvua zikikatika. Acheni mvua ya kwanza baada ya kiangazi ioshe vumbi na kinyesi cha ndege kwenye mabati kabla ya kuielekeza tangini, na maji hayo yachemsheni au yatieni dawa kwa ajili ya vijidudu.

Sharti langu basi ni hili. Kabla ya kulipa amana ya nyumba yoyote Njoro, muulize mwenye nyumba maji yanatoka wapi: kampuni ya maji, kisima chake au kisima cha jirani? Kama ni kisima, omba cheti cha upimaji na utafute namba ya floraidi. Akikosa cheti, chota chupa moja ukapimishe kwenye maabara ya maji mjini Nakuru. Tazama pia kama paa lina mifereji na kama yuko tayari mweke tangi. Halafu simama nje ya shule ya msingi ya mtaa huo jioni watoto wakitoka. Watazame wa miaka tisa hadi kumi na miwili wanapocheka. Ukiona meno ya kahawia kwa watoto wengi, unajua maji ya mtaa ule yakoje hata kabla maabara haijakujibu.

Sasa Maseno. Ni mji wa elimu kwelikweli: Maseno School ilianzishwa mwaka 1906, Chuo Kikuu cha Maseno kiko hapo hapo, ikweta inapita, mvua haikosi. Hospitali kubwa ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga iko Kisumu, mwendo mfupi kwa gari. Hata uwanja wa ndege wa Kisumu uko upande wa barabara ya kwenda Busia, kwa hiyo anayetoka Maseno huufikia bila kukatiza jiji. Na zaidi ya hayo yote kuna nyanya ya watoto, ambaye thamani yake haina bei.

Kinachonizuia ni malaria. Kaunti za Kisumu na Vihiga, zinazopakana hapo Maseno, ziko katika ukanda wa ziwa ambako ugonjwa huo upo mwaka mzima. Mama mkwe atakuambia kwamba watoto wa huko hukua vizuri tu, na anasema kweli. Watoto waliozaliwa huko huumwa mara kwa mara wakiwa wadogo, na polepole miili yao hujenga kinga kiasi. Mtoto wa Nairobi hana kinga hiyo hata chembe. Mbu yule yule anayempa binamu yake homa ya siku mbili anaweza kumlaza kitinda mimba wako wodini akiwa na degedege na upungufu wa damu. Walio chini ya miaka mitano ndio huzidiwa upesi zaidi, na ndiyo maana nikasema Maseno isubiri.

Kama mtaamua kwenda licha ya hayo, au hata mkienda tu kwa nyanya Krismasi, yafuateni haya kwa uthabiti. Kila kitanda kiwe na neti iliyotiwa dawa, na kitinda mimba alale ndani yake hata usingizi wa jioni. Homa yoyote, mpeleke akapimwe siku hiyo hiyo. Usianze kwa dawa ya duka. Mkirudi Nairobi na mtoto akapata homa wiki mbili baadaye, mwambie daktari mlikuwa wapi, maana akidhani mtoto hajatoka Nairobi huenda asifikirie malaria mapema. Chanjo ya malaria ilianza kutolewa nchini mwaka 2019, kuanzia Homa Bay, na hutolewa katika kaunti za ukanda huo kwa watoto kuanzia miezi sita. Wenu ameshapita umri wa kuanza, lakini nenda na kijitabu chake cha kliniki uulize kama bado anaweza kuingizwa kwenye ratiba.

Kitale haina shida hizo mbili kwa kiwango hicho. Iko mita 1,900 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi yake ni ya sweta wala si ya koti, na chakula kinatoka shambani moja kwa moja hadi sokoni: mahindi, maziwa, maharagwe, parachichi. Hakuna kabila linaloweza kudai soko la Kitale kuwa lake peke yake, ndiyo sababu Kiswahili kimetawala mji, na mtoto mgeni hupata marafiki siku ya kwanza. Hospitali ya Wamalwa Kijana iko mjini, na kwa jambo zito kuna Eldoret, kilomita 70 hivi, yenye hospitali ya rufaa ya Moi na ile ya watoto ya Shoe4Africa. Kama mume wako angeweza kufanya kazi popote, ningekwambia fungasheni leo.

Lakini hebu hesabu wikendi yake. Nairobi hadi Kitale ni karibu kilomita 380. Atapanda basi Ijumaa usiku, afike Jumamosi alfajiri macho mekundu, alale hadi saa sita, na Jumapili baada ya chakula cha mchana aanze kutazama saa. Anapata usiku mmoja na wanawe, mara mbili kwa mwezi, na nauli imemla. Nimeona baba wa namna hiyo akianza kuruka wikendi moja, kisha mbili, na hakuna aliyemlaumu kwa sababu kila mtu aliona alivyochoka. Nairobi hadi Nakuru ni kilomita 160 hivi, na Njoro iko kilomita 20 mbele. Akitoka kazini Ijumaa jioni, barabara ikikubali, atawakuta watoto wakubwa wakiwa bado macho. Nasema ikikubali kwa sababu upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit ulizinduliwa Novemba 2025, na panapojengwa barabara magari husimama. Jumapili jioni ndiyo mbaya kuliko zote kati ya Nakuru na Naivasha; afadhali aondoke mapema mchana.

Kuna jambo ambalo wahamiaji hawaniulizi kamwe, na mimi kama mpangaji wa miji huliweka mbele ya mengi. Miji yetu midogo mingi imejipanga kandokando ya barabara kuu: soko upande huu, shule upande ule, zahanati kule mbele ya kituo cha mafuta. Nairobi mtoto wako hupelekwa na basi la shule. Kule atatembea, na kutembea ndiko mnakokufuata. Basi chukua nyumba iliyo upande mmoja wa lami na shule. Luanda na Maseno zimekatwa katikati na barabara ya Kisumu kwenda Busia, yenye malori ya mizigo ya mpakani usiku na mchana. Njoro malori yamepungua kidogo, ila boda boda na matatu haziwahurumii watoto. Fika siku ya kazi, Jumatatu, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uifuate njia ambayo mwanao angepita kutoka mlango wa nyumba hadi lango la shule. Itembee wewe mwenyewe kwa miguu. Hesabu anavuka lami mara ngapi, kuna matuta au hakuna, na njia ya ndani ikinyesha inakuwaje. Jumapili mchana, siku ambayo wengi huenda kutazama nyumba, kila mji ni mtulivu.

Njoro penyewe, jihadhari na nyumba za karibu na malango ya Chuo Kikuu cha Egerton, hasa upande wa Njokerio. Nyingi zilijengwa kwa ajili ya wanafunzi: chumba kimoja, muziki hadi usiku wa manane, na likizo mtaa unabaki mtupu. Tafuta karibu na mji wenyewe, au njiani kuelekea Nakuru, mahali ambapo majirani wameanika nepi na sare za shule kwenye kamba.

Kuhusu kazi yako ya intaneti sina mengi. Usiamini neno la mwenye nyumba kwamba "mtandao uko sawa." Ingia ndani ya nyumba hiyo saa mbili usiku, wakati kila mtu yuko mtandaoni, upige simu ya video kwa dakika ishirini. Umeme, muulize kinyozi na mwenye posho mill, kwa sababu ukikatika wao ndio hupoteza pesa. Kinyozi akiwa na jenereta mlangoni, umeshajibiwa.

Shule ndiyo itakayowapangia tarehe. Huyo wa Gredi ya 8 msimhamishe katikati ya mwaka. Tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8 huhesabiwa pamoja na ile ya kitaifa ya mwisho wa Gredi ya 9 kabla ya kupangiwa sekondari pevu, yaani Gredi ya 10 hadi 12. Amalize mwaka, shule yake ipakie alama zote, ndipo imwachilie kwenye mfumo wa wizara ili shule mpya impokee Januari. Usiondoke Nairobi kabla mwalimu mkuu hajakuonyesha kwamba ameshafanya hivyo. Kufuatilia alama kutoka Njoro kwa simu ni mateso. Na tangu sasa muulizeni mtoto anaelekea mkondo gani. Si kila sekondari pevu inafundisha mikondo yote mitatu (sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, sanaa na michezo), na ule wa sanaa na michezo ndio adimu zaidi. Kama kijana ni wa muziki au wa mpira, tafuteni mapema shule inayoufundisha, hata kama italazimu alale bweni mbali na Njoro.

Wa Gredi ya 2 ana suala lake la lugha. Sera inasema watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo hadi Gredi ya 3. Katika miji mchanganyiko kama Njoro na Kitale hiyo huwa Kiswahili, naye ameshakizoea. Vijijini kandokando ya Maseno mwalimu anaweza kueleza hesabu kwa Dholuo au Kinyore. Kwa muda mrefu hilo ni faida, ataongea na nyanya yake vizuri, lakini muhula wa kwanza atapotea darasani.

Nisikufiche habari za siasa. Njoro na Molo ziliumizwa na ghasia za miaka ya 1990, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Kisumu na sehemu za Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, nazo zina makovu yao. Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Sisemi mkae na hofu. Familia za makabila yote zinaishi Njoro na kufanya biashara pamoja. Nasema chagua mtaa uliochanganyika, na katika mazungumzo ya kawaida dukani au kanisani uwaulize wenyeji wa muda mrefu walivyoishi na majirani wakati ule. Watu hulizungumza ukiwauliza kwa heshima. Mtaa ambao jirani alimficha jirani utausikia ukisifiwa hadi leo.

Kuhusu mama mkwe, naelewa kwamba kuchagua Njoro kunaweza kuonekana kama kumkimbia. Mwambieni mapema, mume wako akiwa ndiye msemaji, na mumweleze sababu ya malaria na ya safari za mwanawe. Matatu za Kisumu kwenda Nakuru ni nyingi, na nyanya akija kukaa muhula wa kwanza mtakuwa mmepata wa kumshika mtoto mdogo wakati wewe uko kwenye kompyuta. Naye atajiona kuwa ni sehemu ya uhamisho huo.

Mwisho ni ploti. Mashamba mengi ya Nakuru yalinunuliwa na makampuni ya wananchi baada ya uhuru, kisha yakagawanywa kwa wanahisa. Utaonyeshwa cheti cha hisa kilichohifadhiwa vizuri ndani ya plastiki, chenye mhuri na saini. Hicho si hati miliki. Usilipe chochote kabla hujaenda ofisi ya usajili wa ardhi na namba ya kiwanja kufanya upekuzi rasmi, ukaona jina la muuzaji ndilo lililoandikwa. Kama ardhi bado ni ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha bodi ya ardhi, ambacho huombwa ndani ya miezi sita ya kuandikiana. Bila kibali hicho mkataba ni batili. Mke au mume wa muuzaji naye lazima aridhie. Upande wa Luanda na Vihiga tatizo ni jingine: hati mara nyingi ingali kwa jina la babu aliyefariki, mirathi haijafunguliwa, na anayekuuzia ni mjukuu mmoja kati ya wengi.

Kwa hiyo kama mnalenga Januari, anzeni kutafuta nyumba Oktoba, mvua za vuli zikikaribia, muone paa linavuja wapi na njia ya shule inakuwaje. Majibu ya maabara ya maji yawe mkononi kabla ya Novemba kuisha. Wiki moja kabla ya kuhama nenda kliniki yenu ya Nairobi uchukue rekodi za chanjo za watoto wote watatu, na ukifika Njoro uulize kituo cha afya kilicho karibu kama kinapokea SHA, bima ya afya ya serikali, kabla yeyote hajaugua.